Kasumba ya Fundi Saa

Nyinyi mliovaa magwanda juzi, hata mikunjo ya dukani haijatoka, hii ni mara ya tatu mnapanda ngazi zote hizi za Michenzani kuja kuniuliza neno moja: "Mzee Pandu, zamani mliwezaje kuzimaliza dawa za kulevya?" Mie nikicheka mnatazamana, mnaona mzee akili zishaanza kumruka. Hazijaruka. Nacheka kwa sababu hatukuzimaliza, tulizigawa. Haya kaeni, msinikanyagie mswala wangu, na yule mwenye daftari aandike kila kitu, maana nshachoka kusikia ati enzi zetu kulikuwa na nidhamu.

Nilijiunga na polisi mwaka uliofuata Mapinduzi. Nilikuwa mwembamba, na kaptula ya kaki niliyopewa ilikuwa na nafasi ya konstebo mwengine ndani yake. Nikatiwa kwenye kikosi kidogo cha kusaka bangi, gongo na kasumba. Kasumba nisemayo si ile ya kwenye hotuba, ya mtu kuwa na akili za kikoloni. Nasema kasumba yenyewe, afyuni, kitu cheusi kinachonata mfano wa halua iliyoungulia sufuria. Mabaharia walikuwa wakishuka nayo Malindi, bandarini kwetu hapa, wameificha kwenye soli za viatu.

Upekuzi wangu wa kwanza nilitumwa nyumba moja Kikwajuni, kumkamata mvuta bangi. Nikafika mlangoni nikafanya nilivyolelewa. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Moshi unanijia puani kupitia chini ya mlango, mtu anakohoa ndani, redio inaimba. "Hodi!" Kimya. Sasa mie mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alinifunza kwa bakora kwamba ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unaondoka zako, ndiyo adabu na ndiyo dini. Nikaondoka zangu. Nikarudi kituoni, nikapiga saluti, nikasema, "Afande, mtu yumo, na bangi imo, lakini hajanikaribisha."

Mkubwa wa kikosi chetu, jina lake silitaji kwa sababu ana wajukuu na wajukuu hawajakosa kitu, alinitazama mpaka nikaona haya.

"Hajakukaribisha?" akasema. "Kwani ulikwenda kula biriani?"

Kesho yake tukapangwa foleni tukasomewa amri: kuanzia siku ile hodi marufuku. Hodi, alisema Mkubwa, ndiyo inayowapa wahalifu nafasi ya kumwaga ushahidi chooni. Askari wa kisasa huingia. Hati ya upekuzi nayo ilikuwa na mlolongo, lazima umtafute wa kuitia saini, kwa hiyo hati tukaiacha pamoja na hodi. Na sisi tulishangilia, wallahi. Mtu ukimwambia kwamba kuanzia leo mlango wowote wa mji huu ni wake, atashangilia tu.

Mmoja tu hakushangilia, Koplo Mwinyi. Huyu ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, anatafuna karafuu kutwa nzima, na alijua kuisoma nyumba kabla hajaingia. Alinionesha kutazama viatu pale mlangoni: makubadhi yamepangwa vizuri, hao ni wageni wa heshima, labda kuna hitima; yametupwa ovyo na mengine yamegeuka juu chini, hapo ingia. Alinifunza kwamba jikoni ndiko kwa kuanzia, chumbani mwisho, na chumbani mwenye nyumba atangulie yeye. Mchele wa watu hakuumwaga hata siku moja. Alikuwa akiuhamisha kwa kibaba kutoka debe hili kwenda debe lile, anatazama, anaurudisha. Nguo akishazifunua anazikunja. Nilimwona kwa macho yangu akikunja sidiria ya mke wa mtu kwa uangalifu kama anakunja bendera.

"Pandu," alikuwa akiniambia, "sisi humu ndani wageni. Hata kama mwenye nyumba mwizi, sisi wageni."

Mkubwa aliposikia kwamba koplo wake anakunja nguo, alimhamishia kulinda ghala la karafuu. Ripoti ilisema anachelewesha kazi, na kwa kweli alikuwa anachelewesha.

Baada ya hapo tukawa na mbio. Kila Ijumaa Mkubwa alitaka orodha ya waliokamatwa, na orodha fupi ilimkera kuliko bangi yenyewe. Sasa wiki ambayo bangi haipo utafanyaje? Unakamata dalili. Dalili yetu kuu ilikuwa macho mekundu. Mtu ana macho mekundu, twende. Tulimkamata dereva aliyekuwa hajalala siku mbili. Tulimkamata mtu aliyetoka kumzika mama yake, Mungu atusamehe. Na mie mwenyewe, hapa mnaweza kucheka, nilimkamata mpishi wa pilau.

Ilikuwa harusi Kikwajuni. Nikamwona anatoka nyuma ya nyumba, macho mekundu kama ganda la kungumanga, anajifuta na kanzu. Kumbe masikini ya Mungu anakata vitunguu tangu alfajiri na moshi wa kuni unampiga usoni. Nikamkamata na upawa mkononi. "Afande," ananiambia, "pilau itaungua." Nikamjibu, "Utaieleza mahakamani." Pilau ikaungua. Baba wa bibi harusi akaja kituoni na wageni wote nyuma yake, watu na njaa zao, na aliyekuwa wa kwanza kualikwa ni Mkubwa mwenyewe, keshavaa na koti. Yule mpishi aliachiwa kabla sijamaliza kuandika jina lake. Sijaona shauri jengine likisikilizwa upesi namna ile maisha yangu yote.

Basi mkicheka mcheke sasa hivi, maana nataka kukwambieni habari ya Fundi Sleyum.

Fundi Sleyum alikuwa fundi saa, na kibanda chake kilikuwa Malindi. Zamani alikuwa baharia, na huko kwenye bandari za watu ndiko alikojifunza kula kasumba. Alirudi nayo mwilini. Kila aliyekuwa na saa ya mkono mjini alikuwa akimjua, na kila mtu alikuwa akijua kwamba asipopata kitu chake asubuhi mikono humtetemeka, hawezi kushika hata bisibisi. Hakumwibia mtu, hakumtukana mtu. Alikuwa akiishi na dada yake, Bi Mwanaidi, mjane aliyekuwa akipika mikate ya ufuta ya kuuza.

Mtu akatuletea habari kwamba kwa Bi Mwanaidi kuna kopo la kasumba. Ijumaa inakaribia, orodha ina majina mawili. Mkubwa akanipa askari watatu. Tukaenda baada ya sala ya alasiri, watu wamekaa barazani wanatutazama. Nikafika mlangoni, hodi marufuku, nikarudi nyuma hatua tatu nikaupiga mlango teke la nguvu. Mlango wenyewe ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Nikapita nao mzimamzima nikaenda kuangukia bakuli la unga.

"Shikamoo, Bi," nikasema kutoka pale chini. Mdomo ulinitoka wenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

Alikuwa amekaa kwenye kibao, mbele yake kisahani cheupe. Kwenye kisahani kuna punje moja ya ufuta, na pembeni yake kipande cheusi kilichokatwa kwa wembe, sawasawa na ile punje. Kopo liko mapajani. Fundi Sleyum kakaa mkekani na kikombe cha kahawa, anangoja kama mtoto anayengoja kulishwa. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyemwaga kitu chooni.

"Kopo la nani hili?" nikauliza, unga unanitoka puani.

"Langu," akasema Bi Mwanaidi. "Nalificha mimi, nampimia mimi. Hebu nikuulize, nyumbani kwenu mtoto akiachishwa ziwa hufanywaje? Si hupakwa shubiri, akapunguziwa, mpaka siku moja akasahau? Basi huyu mtoto mwenye mvi. Nilianza naye kwa mbaazi. Nikamteremsha kwenye choroko, nikamteremsha kwenye mtama, na shubiri nimechanganya aione chungu. Leo yuko kwenye ufuta. Mwezi ujao namwonesha kisahani kitupu anywe kahawa yake aende kazini."

"Mwaka mzima," akasema Fundi Sleyum, na alisema kwa fahari. "Tazama." Akanyoosha mkono. Ulikuwa unatetemeka kidogo sana.

Nikawakamata wote wawili. Mnanitazama nini? Nilikuwa na amri, nilikuwa na unga kwenye nyusi, na askari watatu walikuwa wananicheka. Bi Mwanaidi alivaa buibui lake taratibu, akafunika mikate, akaja. Njiani aliniambia neno moja tu. "Mwanangu, Pandu ndiyo jina lako? Pandu, kiasi chake ni ufuta. Usije ukasahau. Ukimzidishia, nitakuwa nimefanya kazi ya bure."

Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, Bi, Serikali ipo." Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Kituoni Mkubwa alikuwa na njia yake ya kuhakikisha kielelezo. Alitia kidole ndani ya kopo akaramba. Sasa mnakumbuka Bi Mwanaidi alichanganya shubiri. Lahaula! Mkubwa alitema mpaka magharibi. Akanywa maji, akala sukari, akala tende, uchungu hautoki. Akasema hajapata kuonja kasumba kali namna ile tangu azaliwe, na akaandika hivyo hivyo kwenye ripoti: kasumba ya ukali usio wa kawaida. Dawa ya kumwachisha mtu ndiyo iliyolifanya shauri liwe zito.

Fundi Sleyum alikaa mahabusu siku nne. Siku ya kwanza alitulia. Siku ya pili jasho, kutapika, kuharisha, anajikunja kwenye sakafu anamwita dada yake. Bi Mwanaidi anamsikia kutoka chumba cha wanawake, anapiga ukuta. "Ufuta! Mpeni ufuta mmoja!" Nikaenda kumwambia Mkubwa. Akasema, "Aache kiume." Mkubwa alikuwa akivuta sigara moja baada ya nyengine tangu asubuhi mpaka usiku, na alisema hayo akiwa anawasha.

Huenda angeacha kiume kweli, au angekufa, sijui. Lakini siku ya nne ikatujia habari kwamba wageni wa Kijarumani, wale waliokuja kwa ajili ya majumba haya haya tunayokaa, watapitishwa kituoni kwetu waone maendeleo. Kituo kikapakwa chokaa. Bendera ikafuliwa. Mkubwa akainua macho akaiona saa ya ukutani. Saa ile ilikuwa imesimama saa nne kasorobo tangu mwaka sitini na nne, hakuna aliyejali.

"Wajarumani watu wa saa," akasema Mkubwa. "Nani fundi?"

Fundi tulikuwa naye, anatapika.

Wakamtoa, wakamuogesha, wakamkalisha mezani mbele ya saa. Mikono ile haiwezi kushika kitu. Bisibisi ikaanguka mara tano. Mkubwa anatazama mlangoni, anamtazama fundi, anatazama kabati la vielelezo. Kisha akanirushia ufunguo.

"Mpe kidogo. Atulie."

"Kidogo kiasi gani, Afande?"

"Wewe Pandu unaniuliza mimi? Mimi ndiye mlaji?"

Nilikata mimi. Hapa sitaki mtu aseme ilikuwa amri. Nililijua neno la yule bibi, lilikuwa masikioni mwangu, na ukutani alikuwa bado anapiga. Lakini Mkubwa ana haraka, na mie nilifikiri kikiwa kikubwa atatulia upesi. Nikakata kipande kama mbaazi. Fundi Sleyum alikitazama, akanitazama mimi, na machozi yakamtoka. Akasema, "Hiki kikubwa, bwana." Kisha akala.

Robo saa baadaye mikono ilikuwa imetulia kama ya tabibu. Saa ikaenda. Wajarumani walikuja, wakatazama saa zao, wakatazama ya ukutani, wakatikisa kichwa kwa kuridhika, wakaondoka.

Mahakamani shauri lilikwenda haraka. Mawakili siku zile walikuwa hawamo, mshtakiwa anajisemea. Bi Mwanaidi akasema tena kwamba kopo lake, ndugu yake hana kosa ila maradhi. Akaeleza mbaazi, choroko, mtama, ufuta. Watu wakacheka kwa kuwa ilikuwa kama anafundisha mapishi. Mkubwa alipoulizwa kwa nini kopo limepungua, alisema limeliwa na panya. Bi Mwanaidi akapewa miezi sita kwa kumpa ndugu yake kasumba. Alipokuwa anateremshwa alinitafuta kwa macho akaniuliza, "Sasa nani atampimia?" Serikali ipo, nilishasema.

Na kweli Serikali ilimpimia. Fundi Sleyum aliachiwa, lakini nyumbani hakuna wa kumtazama, mwili wake sasa unataka mbaazi na Malindi hana wa kumpa bure. Mkubwa akaona faida. Akampa chumba cha nyuma kituoni, meza na taa. Saa ya Mkubwa ikatengenezwa. Ya naibu wake ikatengenezwa. Habari zikapita maofisini, na wakubwa wa kila ofisi wakawa wanaleta saa zao, za mkono, za mezani, za mashangazi zao. Malipo hakuna. Malipo ni mbaazi asubuhi, mbaazi jioni, kutoka kabati la vielelezo. Panya wa kituo chetu, kwa mujibu wa ripoti, walikuwa walevi wakubwa kabisa.

Kopo lilipokwisha, fundi akaanza kutetemeka na saa ya mtu mzito iko wazi mezani. Mnajua tulifanya nini? Tulipanga msako. Tukashuka Malindi tukavua viatu vya mabaharia mpaka tukapata. Nakwambieni kweli tupu: kikosi kizima cha kupambana na kasumba kilikuwa na mlaji mmoja na askari kumi na wawili wa kumtafutia. Tukasifiwa kwa bidii. Mie nikapewa utepe wa koplo. Fundi Sleyum aliendelea hivyo miaka mitatu, mpaka siku tuliyomkuta ameinamia meza, lenzi bado iko jichoni.

Mnataka dawa? Mie katika kazi yangu yote nimeona dawa moja tu ikifanya kazi. Ilikuwa kwenye kisahani cheupe, umebaki mwezi mmoja tu, na mie ndiye niliyeikamata nikaipeleka mahakamani. Ndiyo maana mkinijia na mabango yenu ya vita dhidi ya hiki na kile, nauliza kwanza, mlevi mwenyewe ana dada? Na dada yake mmemuuliza? Mnaniona mzee mpuuzi. Kefule.

Lakini namaliza kwa Bi Mwanaidi, maana yeye hakumaliza na mie.

Alipotoka kifungoni, fundi bado yu hai, alikwenda kibandani Malindi akakikuta kimefungwa. Watu wakamwambia. Akaja kituoni asubuhi, buibui safi, amekonda. Mie niko kaunta. Nikamwamkia akaitikia, maana alilelewa. Akaomba kumwona ndugu yake, nikampeleka chumba cha nyuma. Fundi Sleyum alikuwa na saa tano mezani. Hakuinuka.

"Sleyum, twende nyumbani."

"Nimalizie hii, dada. Ya mtu mkubwa."

"Twende tuanze upya. Kwa mbaazi."

Akakaza skrubu moja ndogo. Kisha akasema, bila ya kuinua uso, "Dada, huku hawanipunguzii."

Bi Mwanaidi akaitazama ile mikono, imetulia tuli. Akarudi kaunta kwangu.

"Fungua daftari," akasema. "Nimeibiwa."

"Umeibiwa nini, Bi?"

"Ndugu yangu. Nilimwacha kwenye ufuta, nimemkuta kwenye mbaazi. Andika."

Askari wenzangu wakaanza kuguna na kucheka. Mie nikaiona njia ya kutokea. Nikatikisa kalamu nikamwambia samahani, wino umekwisha. Akafungua pindo la kanga yake akatoa penseli fupi, akaiweka juu ya kaunta.

Basi nikaandika. Amelalamika Bi Mwanaidi kwamba ameibiwa ndugu yake. Akauliza, "Umeandika nani kaiba?" Nikasema ndiyo, nishaandika, nenda nyumbani, tutapeleleza. Nilikuwa nimeandika "mtu asiyejulikana", kama tulivyokuwa tukiandika kila tulipotaka jambo life. Nani angejua? Mpika mikate hajui kusoma.

"Geuza daftari," akasema.

Kumbe mule gerezani alifungwa pamoja na mwalimu mmoja wa kike, na ile miezi sita aliitumia. Akaweka kidole kwenye mstari akaanza kusoma, polepole, silabi moja moja, kwa sauti. Kicheko kikakatika. Alipofika "asiyejulikana" akasimama.

"Huyu simjui mimi," akasema. "Futa. Andika aliyemkatia mbaazi."

Mlango wa Mkubwa ukafunguka, akasimama hapo na sigara yake. Nyuma yangu sauti ya bisibisi ikanyamaza. Nikafuta. Nikaandika kwa ile penseli yake. Bi Mwanaidi akaligeuza daftari upande wake, akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akasoma tena yote mbele ya kituo kizima, hana haraka, mpaka akafika kwenye jina langu, akalisoma na la baba yangu.